Kofia Iliyorudi Kutoka Nchi ya Mizabibu

Katika miaka ile ambayo malango ya Maskati yalikuwa yakifungwa baada ya mzinga wa usiku, na mtu haruhusiwi kupita njiani ila kwa taa mkononi, palikuwa na mshonaji wa kofia jina lake Masouda binti Khelef. Alikaa katika nyumba nyembamba ya ami yake, Harub, karibu na Lango Dogo. Mchana majabali yalimeza jua, na usiku yakalitapika, hata kuta zikawa na joto kama mtu mwenye homa. Alfajiri, kabla ya mawe kuanza kuwaka, Masouda alikaa dirishani na kitambaa cheupe pajani, akatoboa na kuzungushia uzi, kitundu baada ya kitundu, mpaka macho yakamwuma.

Hakuzaliwa hapo. Kwao ni Wete, kisiwani Pemba, katika nyumba ambayo msimu wa karafuu ulipoingia, mikeka ilitandazwa mpaka kizingitini, na harufu ikapenya kwenye mito ya kulalia na kwenye wali. Maskati kulikuwa na ubani, na kahawa yenye hiliki, na waridi ya kunyunyiza. Harufu njema zote, na mcha Mungu huzishukuru. Lakini mara nyingine Masouda alinunua karafuu chache sokoni Matrah, akazifinya kwa kucha, akazinusa, kisha akazitupa kwenye birika la chai kwa hasira ndogo, kwa sababu zilikuwa kavu mno, za siku nyingi, hazikumbuki tena mti.

Alikuwa mke wa mtu. Nikaha yake na Aflah bin Said ilifungwa Wete mwishoni mwa mwaka 1963, baada ya sala ya alasiri, Ami Harub akiwa walii wake kwa kuwa baba yake amefariki. Kutolewa kwake kwenda kwa mume kuliahirishwa mpaka mavuno yamalizike. Aflah, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akasafiri kwenda Ngazija, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Wafaransa, kumchukua mama yake mdogo, maana alisema hawezi kufanya harusi na yule aliyemlea hayupo. Yuko huko huko Ngazija, Januari ikaja na mapinduzi yake. Waliojaaliwa kutoka walitoka na nguo zilizo mwilini. Masouda na ami yake, baada ya tabu ambazo hakupenda kuzisimulia, wakafika Maskati, nchi ya babu zao ambayo hawakuwahi kuiona. Za Aflah hazikusikika tena.

Katika ukoo wao palikuwa na desturi ambayo wengine hawakuwa nayo. Siku ya nikaha, mwali humpelekea mume kofia aliyoishona kwa mkono wake, lakini vitundu vichache vya ukingoni huachwa havijamalizwa, na uzi ukaachwa ukining'inia kutoka kitundu cha mwisho. Mume huiweka. Siku atakapokuwa tayari kumchukua mkewe huirudisha kwa mshonaji, na ikimalizwa ndiyo idhini ya kumjia. Na ikiwa moyo wake umegeuka, huirudisha vilevile, ila uzi ukiwa umekatwa. Hapo watu wazima hukaa wakazungumza habari ya talaka kwa staha, pasi na kelele wala matusi. Masouda alikuwa ameuacha uzi mrefu kuliko ilivyo kawaida. Shoga zake walimcheka: "Wataka kumfunga nao?" Naye alijibu, "Nnataka asipotee njia."

Basi miaka ikapita, ukafika mwaka 1969, na Ami Harub akamwita baada ya sala ya asubuhi.

"Mwanangu," alisema, "wewe si mjane wala si mwali. Mtu aliyepotea na habari zake zikakatika, wanazuoni wamemwekea muda, na muda huo umepita. Kadhi akihukumu, utakaa eda, kisha utakuwa huru. Sleyum wa Qurayyat ameleta posa. Mtu wa sala, mkewe amefariki, ana mitende yake na nyumba inayopata upepo wa bahari. Mimi nazeeka. Nikifa, utamshonea nani kofia katika nyumba ya kupanga?"

"Na kama Aflah yu hai, Ami?"

"Angekuwa hai na habari zake zajulikana, mimi nisingefungua kinywa. Mtu wa namna hiyo si mpotevu, ni msafiri tu, na mke wake ni wake. Lakini nani kamwona? Nipe jibu Ijumaa, kabla hatujakwenda msikitini. Sitakulazimisha."

Ami Harub hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, Masouda angepata pa kuegemeza ukaidi wake. Alikuwa mzee mwema, na Sleyum alikuwa mtu mwema, na hukumu ya kisharia ilikuwa hivyo hivyo kama alivyoisema. Kilichobaki upande wa pili wa mizani ni hamu tu, na hamu haitoi ushahidi mbele ya kadhi.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, baada ya alasiri, Hamdiya wa mtaa wa nyuma alipiga hodi. Hamdiya alikuwa mwanamke wa kicheko, mzaliwa wa Unguja, na ndugu yake Yaarub alikuwa karani wa Sheikh Muslim, mfanyabiashara wa tende wa Matrah.

"Hodi wenyewe! Shoga, nimekuletea kazi, na kichwa chake kimekuja nayo. Kipo barazani na Ami Harub, chanywa kahawa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha kakangu, kimerudi kutoka Ulaya kimevimba. Alikwenda na tajiri wake kutibiwa jicho kwa Wafaransa, huko Marseille. Kapewa kofia na mtu, lakini haijesha kushonwa. Nikamwambia, mshonaji yuko, tena wa Pemba. Hii hapa."

Masouda akalifungua gazeti la kigeni lililofungia kofia. Kofia ilikuwa imegeuka rangi kidogo, kama maziwa yaliyokaa. Kuzunguka ukingo wake kulikuwa na vichwa vya karafuu vilivyotungwa kwa vitundu, kimoja kikiwa kimelala kidogo upande wa kushoto, kwa sababu siku alipokishona umeme ulikuwa umezimika Wete na yeye hakutaka kungoja mpaka asubuhi. Hakuhitaji kukihesabu wala kukipima. Mtu haulizi kama mkono wake ni wake.

Akaigeuza ndani. Vitundu vya mwisho vilikuwa wazi, kama alivyoviacha. Na uzi ulikuwa umekatwa, sawasawa, karibu kabisa na kitambaa.

"Wasemaje?" Hamdiya aliuliza. "Yashonekana au haishonekani?"

"Ngoja niitazame," alisema Masouda, na sauti yake akaisikia ikitoka mbali.

Baina ya chumba na baraza palikuwa na pazia la kaniki. Nyuma yake Ami Harub alikuwa akimwambia Yaarub, "Ehe, tueleze. Mmeona nini huko?"

"Ami, tumeona mambo," alisema Yaarub. "Sheikh Muslim kapasuliwa jicho moja, daktari akamwambia apumzike. Yule mzee anajua kupumzika? Kaniambia, 'Yaarub, nasikia juu ya mji huu kuna nchi nzima ya mizabibu, siku kutwa hufiki mwisho wake. Watu wenye mizabibu kiasi hicho lazima waianike, kama sisi tunavyoanika tende na ndimu. Twende tukaone zabibu zao kavu. Tutawauzia watu wa Matrah wakati wa Idi.'"

"Rai si mbaya," alisema Ami Harub.

"Rai njema kabisa! Nikawaambia watu wa hoteli, bwana wangu ataka kuzunguka nchi ya mizabibu, siku moja, gari peke yetu na mwongozaji wetu. Wakafurahi mno. Asubuhi ikaja Pijo nyeusi, dereva wake kijana mrefu, kavaa koti. Akatusabahi kwa Kifaransa, akatutazama majoho yetu na vilemba vyetu, akanyamaza. Njia nzima kanyamaza. Huku mto mkubwa, huku mizabibu imepangwa mistari kama watu katika swafu. Tukafika kwenye nyumba ya mawe kama ngome. Tukateremshwa ngazi chini ya ardhi. Ami, baridi! Na mapipa, makubwa kuliko chumba hiki, safu kwa safu. Sheikh Muslim jicho lake limefungwa kitambaa, anakwenda kwa kushikwa mkono, ananusa, anatabasamu. Kasema, 'Dibsi! Hawaianiki, wanaikamua asali yake! Yaarub, waulize pipa moja bei gani mpaka bandarini.'"

Ami Harub akacheka mpaka akakohoa. Hamdiya naye, huku ndani, akajipiga paja. Masouda hakucheka. Alikuwa amekipitisha kidole kwenye ncha ya uzi ule uliokatwa, akirudi na kurudi.

"Mwenye nyumba akafungua bomba la pipa, akamtilia kwenye bilauri. Mzee katia kidole, kidole chaelekea mdomoni, mimi bado natafuta neno la Kizungu, na hapo yule dereva aliyenyamaza toka asubuhi akapiga ukelele: 'Usitie mdomoni, mzee wangu! Ulevi huo!' Kwa Kiswahili, Ami! Kiswahili cha kwetu, safi! Mzee katupa bilauri, kapiga astaghfirullah mara sijui ngapi, kafuta kidole kwenye joho langu. Joho langu, si lake!"

"Mswahili mwenzetu?" Ami Harub aliacha kucheka. "Na kazi yake ni kuwapeleka watu kwenye mapipa? La haula!"

Masouda aliinua uso.

"Sheikh Muslim kamwuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi," Yaarub alisema. "Akajibu kwa adabu. Kasema yeye ni dereva. Huwaonyesha watu mto na ngome na njia, nao wakiteremka chini, yeye hubaki mlangoni mwa gari. Siku ile aliteremka kwa sababu mzee haoni, akaogopa ataanguka ngazini. Na alinyamaza kwa kuwa alidhani sisi ni katika wale wanaoiacha dini yao forodhani, akaona haya kwa niaba yetu. Mzee kamwambia, 'Kazi hii ina shubuha, mwanangu. Iache ukipata nyingine.' Akasema, 'Nitaiacha siku nitakayopata njia ya kwetu.'"

"Kwao wapi?"

"Hakutaja. Hata jina lake hakulitaja. Wafaransa wamempa jina lao. Kasema, 'Niiteni ndugu yenu tu. Nyinyi mnarudi Maskati, na jina la mtu wa Zanzibar aliye nje laweza kukuleteeni maswali langoni.' Ami, unajua mwenyewe mambo yalivyo."

Ami Harub alijua. Akamjazia kahawa.

"Basi toka hapo siku ikageuka. Kasema, 'Mmelipia nchi ya mizabibu, nitakuonyesheni mizabibu.' Hatukushuka tena chini ya ardhi. Ilikuwa wakati wa kuchuma. Wanaume na wanawake wamejitwika vikapu, mikono myeusi kwa maji ya zabibu, watoto wanaitana baina ya mistari. Yule kijana akasimamisha gari, akateremka, akasimama. Akasimama mpaka mimi nikaona haya kumtazama. Kisha kasema, 'Kwetu wakipanda juu ya mti huimba. Hawa hawana haja ya kupanda. Lakini ukifumba macho, kelele zao ni zile zile.' Akamwomba mwenye shamba kishada, akampa Sheikh Muslim. Mzee kasita, aogopa. Akamwambia, 'Kula, mzee wangu, hii bado haijakosa lolote.' Mzee kacheka, kala."

Huku ndani Masouda aliuma mdomo wake wa chini. Maneno ya utani ya namna hiyo, yanayosemwa kwa sauti ya chini na uso usiocheka, aliyajua. Alipata kuyasikia nyuma ya mlango wa nyumba ya Wete, siku ya posa.

"Adhuhuri tukasali kando ya shamba. Akatoa kofia kutoka ndani ya gari, imefungwa leso kama msahafu, akaivaa. Nikaona haijamalizwa. Nikasema moyoni, maskini, hata kofia nzima hana. Jioni akaturudisha hotelini, na pale mlangoni akanipa."

Masouda akamshika Hamdiya mkono. "Muulize kakako: alipompa alisema nini? Neno kwa neno."

"Wee, na vitundu vyataka habari?" Hamdiya alisema, lakini akapaza sauti: "Kaka! Mshonaji auliza, alipokupa kofia alisema nini?"

Yaarub alifikiri. "Aliniuliza kwanza, 'Watu wa Pemba waliofika Maskati wapo?' Nikasema wapo. Kasema, 'Na kofia wanashona bado?' Nikasema dada yangu ananiambia yuko mmoja, mtoto wa Wete, mkono wake hauna mfano. Akataka kuuliza jambo, nikaona midomo yake, asiulize. Naye ataulizaje, Ami? Mtu wa heshima hataji mwanamke wa watu mbele ya mgeni, na mimi ningemjibu nini, ningemtaja mtoto wa watu njiani? Akaivua kofia, akasema, 'Mpelekee huyo mshonaji. Mwambie hii haijesha.' Mimi nikaona ni zawadi, basi nikashukuru. Kumpa zawadi mtu isiyokwisha, hayo ndiyo mambo ya Ulaya."

Maneno yale yalikuwa maneno ya mtu anayeomba, na uzi ulikuwa uzi wa mtu anayeaga. Masouda aliviweka viwili hivyo pamoja, visikae. Je, alimrudishia ili amalize, au alimrudishia kwa kuwa yeye amemaliza? Alivuta pumzi, akauliza swali ambalo angeweza kulinyamazia. Maana lau angenyamaza, Ijumaa ingekuja na Kadhi angehukumu, na Qurayyat kuna upepo wa bahari.

"Muulize," alisema, "uzi huu nani kaukata? Yeye, au nani?"

"Uzi upi?" Hamdiya aliinama akatazama. "Ah, huo! Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, na mkasi wangu, jana. Ulikuwa ukining'inia kama mkia wa panya, tena mrefu, mtu kauzungusha ndani ya kofia duara baada ya duara, kautia fundo dogo usikatike. Nikaona uchafu gani huu, nikaukata nikautupa. Mbona... Masouda? Shoga, nimeharibu? Walia nini? Uzi tu huo!"

Masouda alikuwa amejifunika uso na kofia ile. Ilikuwa na harufu ya petroli na ya sabuni ya kigeni, na chini yake, au labda ni moyo wake tu uliokuwa ukinusa, harufu ya kichwa cha mtu aliye hai.

"Hukuharibu," alisema alipoweza kusema. "Allah akujaze kheri. Lakini mkasi wako uuweke mbali na waume za watu."

Ijumaa Ami Harub alikuwa amekwisha kutawadha, kanzu yake nyeupe inanukia udi, Masouda alipoiweka kofia mbele yake.

"Ami, yule mwongozaji wa nchi ya mizabibu ni Aflah. Kofia hii nimeishona mimi. Mbele ya Kadhi nitaulizwa kama nna habari za mume wangu, nami nitasema kweli: yu hai, anasali, na hajanikatia uzi."

Mzee akaichukua kofia. Desturi ile aliijua. Mama yake mwenyewe alikuwa nayo. Akaisogeza karibu na macho, akakipapasa kile kichwa cha karafuu kilicholala upande.

"Jana nilimwambia Sleyum aje kwa jibu lake baada ya sala," alisema kwa sauti iliyochoka. "Mtu mwema yule, Masouda."

"Najua, Ami. Ndiyo maana sitaki aoe mwanamke anayesikiliza pazia."

"Njia ya kurudi hana. Nchi imefungwa. Na akikaa miaka mingine kama hii?"

"Atakaa nayo huko, na mimi nitakaa nayo hapa. Zamani nilikuwa nangoja peke yangu."

Ami Harub alisimama, akavaa kilemba chake. Mlangoni akageuka. "Sleyum nitamwambia mwenyewe. Ewe mtoto, umeninyang'anya usingizi, Mungu akulipe wema." Naye akaenda msikitini akiburura fimbo.

Yaarub alipoijia kofia yake, Masouda alimshonea nyingine, mpya, ya nyota, wala hakukubali malipo. Ile ya kale aliifanyia kazi asubuhi mbili. Vitundu vyote vya ukingoni alivimaliza ila kimoja, na katika hicho akapitisha uzi mweupe mrefu, akauzungusha ndani duara baada ya duara, akautia fundo dogo. Jicho la pili la Sheikh Muslim lilikuwa linasubiri kupasuliwa, na safari ilikuwa baada ya Idi.

"Mrudishieni mwenyewe," alimwambia Yaarub kwa kinywa cha Hamdiya, kutoka nyuma ya kaniki. "Mwambieni, mshonaji wa Maskati amesema kitundu cha mwisho hakishonwi pasipo kichwa. Kipimo lazima kije na mwenyewe."

"Kichwa si hiki changu?" Yaarub alishangaa. "Kipimo gani tena?"

"Wewe peleka tu," alisema dada yake, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameaminiwa siri na akaihifadhi.

Kofia ikaenda. Yaarub aliporudi, alisema kijana aliisoma kwa vidole kama asomaye maandishi, akakaa kwenye kiti cha gari lake muda mrefu, kisha akauliza bandari zipi zina meli za kwenda Ghuba.

Mwaka uliofuata, 1970, katikati ya joto la Julai, serikali ikabadilika, na nchi ikafunguliwa. Lango halikufungwa tena kwa mzinga, na waliotawanyika wakaanza kurudi, kutoka Kuwait, kutoka Misri, kutoka miji ambayo watu wa Maskati hawakuwa na majina yake. Kila ndege ilipotua, baraza za mtaa zilijaa mizigo na vilio vya furaha vya nyumba nyingine. Masouda hakutoka kwenda kutazama. Alfajiri alikaa dirishani kama zamani, na kabla ya kuanza kofia ya mteja yeyote, alitia uzi katika sindano moja, akaichoma kwenye kitambaa cha dirisha, ikakaa tayari. Jioni aliichomoa, na asubuhi akatia uzi mpya, maana ule wa jana ulikuwa umeshika vumbi la njia.

Na Ami Harub, ambaye macho yake sasa hayakuona vema, akisikia hatua za mgeni zikija kutoka upande wa Lango Dogo, alisafisha koo lake na kusema, si kwa mtu yeyote, "Hebu sogezeni hilo pazia kidogo, chumba kina joto."